Mzani wa Kahawa na Jani la Isale

Ukiingia dukani kwangu Moshi mjini, kabla hujaona mabati, rangi na misumari, utauona mzani unaning'inia kwenye boriti. Uso wake ni wa mviringo kama saa ya kanisani, una mshale mmoja, na ndoano yake ni nene kama kidole gumba changu. Wateja hudhani ni wa kupimia misumari. Misumari naipima kwa mizani ya kisasa, ninayo kadhaa. Huo wa juu haupimi kitu tena. Zamani ulipima watu.

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nasema hivyo bila aibu, maana wapo wenye vyeti vya kutundika ukutani ambao leo huja kwangu kuomba bei ya jumla, na huanza na shikamoo hata kama tunalingana umri. Nilianza na baiskeli ya kukodi, nikitoa mzigo Holili, mpakani na Kenya. Wakati ule sabuni hakuna, mafuta ya kupikia hakuna, betri za redio hakuna. Ukimwona mtu wa Moshi amenukia siku ya Jumapili, ujue mtu kama mimi amepita njia za panya. Halafu likaja neno ruksa, na magendo yetu yakawa biashara. Sisi hatukubadilisha kazi. Serikali ndiyo iliyoibadilisha jina.

Katika safari hizo nilikuwa na mwenzangu. Kwao na kwetu kuna korongo moja tu katikati. Ukipiga kelele ng'ambo hii unajibiwa ng'ambo ile. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mkubwa wa kicheko. Tulipoacha baiskeli tukashika mitumba, tukapata meza soko la Pasua, yeye ndiye alikuwa anafungua belo. Alikata kamba taratibu, akavuta nguo ya kwanza, akaiinua juu kama padri. Akina mama walikuwa wanaacha nyanya zao wanakuja kutazama. Hesabu nilikuwa nazo mimi, kichwani. Watu alikuwa nao yeye.

Nyumbani ni juu, ukishapita Himo ukapanda mpaka migomba ifunike barabara. Miaka hiyo kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, kilikuwa na kahawa chini ya migomba, na kahawa yote iliishia kwenye ghala la chama cha ushirika, jengo la mawe lenye bati jekundu. Mzani ulining'inia mlangoni mwa ghala. Kufika Desemba msimu umekwisha, ghala ni tupu, imebaki harufu. Na Desemba ndipo sisi Wachagga tunarudi. Popote ulipo, Krismasi uko kwenu. Asiyerudi watu huuliza kama amefungwa au amekufa.

Basi mwanzoni mwa miaka ya tisini redio ilikuwa na habari moja asubuhi na jioni: Ukimwi. Kule juu tuliisikiliza kama unavyosikiliza mvua ya kijiji cha pili. Majibu tulikuwa nayo. Mmoja alisema ni ugonjwa wa watu wa ziwani, na sisi ziwa letu liko wapi. Mwingine alisema Wazungu wameona tunazaana sana, wanatafuta pa kuuzia mipira yao. Lakini hoja iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mzee mwenye koti la kijani aliyetusimamia sisi tangu baba afariki.

"Mbege ina msesewe," alisema, ameinua kata ya pombe yetu ya ndizi. "Ganda chungu la mti, hata mchwa haligusi. Mdudu gani atavuka hapo?"

"Labda mdudu wa Kilutheri," mtu akajibu. "Hao hawanywi."

Tulicheka hadi pombe ikamwagika. Hata Walutheri waliokuwepo walicheka, na kata zao mkononi.

Habari ya kupima watu ilianza hivi. Mtu mmoja alirudi kutoka Mombasa amekonda, suruali imekusanywa kiunoni kwa mkanda kama gunia lililofungwa mdomo. Watu wakaanza kunong'ona. Baba mdogo akasema, "Mnanong'ona nini na mzani upo? Kahawa mbovu tunaijua kwa wepesi. Mtu je?"

Ikawa desturi. Siku ya Krismasi, misa ikishatoka na nyama ikishakatwa, wanaume tunateremka ghalani. Karani wa chama anafungua mlango, anatundika gunia lililofungwa kamba mfano wa bembea, na sisi tunakaa humo mmoja mmoja, miguu inaning'inia. Karani anasoma mshale kwa sauti ileile ya msimu wa kahawa. Ukiwa mzito anasema, "Daraja la kwanza." Wanawake wako nje wanachungulia, wameshika matumbo kwa kucheka. Aliyezidi wote hupewa kidari cha ng'ombe na kata ya kwanza ya mbege. Mwaka mmoja bwana fulani alijaza kokoto mifukoni mwa koti. Alipokaa, mfuko ukapasuka, kokoto zikamwagika sakafuni mbele ya padri. Hadi leo wajukuu zake wanaitwa wa kokoto.

Mimi mwaka wa kwanza nilivuka themanini, tena bila viatu. Ulizeni.

Utacheka, lakini sisi tulikuwa tumemaliza. Mtu mnene hana, mtu mwembamba aangaliwe. Mabinti waliposwa kwa mzani ule. Wazazi waliuliza, "Krismasi alifika ngapi?" wakaridhika.

Kisha kaka yetu mmoja, mtoto wa baba mdogo, dereva wa malori ya masafa, akashinda kidari. Alikaa kwenye gunia akajikunja kama mtoto, boriti ikalia. Mvua za masika zilipokwisha aliletwa nyumbani amelala nyuma ya pikapu. Mke wa baba mdogo alikuwa na miguu mibovu, kwa hiyo aliyemuuguza ni mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu alikuwa anafundisha watoto wadogo parokiani, kuimba na kuhesabu, na masista wa zahanati walimwonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa, kumwosha na kumlisha. Walimwambia asiogope kula naye wala kumshika mkono. Alimuuguza hadi mwisho. Kaka hakuiona Krismasi iliyofuata.

Unadhani tulijifunza? Tulisema amerogwa. Tulisema kuna mtu alikionea wivu kidari chake. Na wapo waliokwenda kwenye mzani mwaka ule wamevaa hirizi, wakiogopa kuzidi uzito wakaonewa wivu. Lakini kuacha mzani, hakuna aliyeacha.

Ndiyo Krismasi ambayo mwenzangu alishinda. Mshale ulipita mia, karani akatafuta neno akalikosa. Mwenzangu alishuka, akapokea kidari, na mafuta yakiwa mkononi akamfuata baba mdogo. "Mzee, uzito wangu umeuona. Kesho naomba kuja na mtungi."

Alikuwa anamtaka mdogo wangu. Hilo mimi nilikuwa nalijua tangu Pasua, maana kila belo likifunguliwa blauzi nzuri kuliko zote ilikuwa inapotea kabla sijaihesabu. Na mdogo wangu alikuwa anazivaa. Wasikudanganye kwamba hakumtaka. Alikuwa anakijua kicheko chake kutoka ng'ambo ya korongo, akikisikia anaacha anachofanya.

Mtungi ulikuja, na wazee wawili wa kwao. Kwetu mbege ya posa isiponywewa, jibu halijatoka. Na mbege haisubiri; siku chache tu inachacha. Mdogo wangu aliitwa mbele ya baba mdogo, mama na mimi. Akaambiwa achote. Hakuchota.

"Nitakunywa akishapimwa," alisema.

Baba mdogo akatutazama kama aliyesikia vibaya. "Amepimwa jana. Kijiji kizima kilikuwepo. Unataka kipimo gani tena?"

"Cha sindano, baba."

"Sindano ni ya wagonjwa. Yule ana kilo mia na zaidi."

"Kaka naye alishinda."

Baba mdogo alivua kofia, akaiweka gotini. "Mwanangu alirogwa," alisema.

"Mimi ndiye niliyemwosha, baba."

Baba mdogo aliinuka akaenda kusimama migombani, ametupa mgongo.

Mimi nilimwambia mdogo wangu ukweli, kwamba mwanamume ukimpeleka hospitali kabla ya harusi umemtukana yeye na ukoo wake, na kwamba rafiki yangu hatakubali. Ng'ombe wa harusi nilikuwa nimeshamchagua, yule mwenye baka jeupe. Akanijibu, "Basi ng'ombe wako aendelee kula majani." Alipokwenda jikoni nikamsikia analia, na mama anakoroga mtori kama hasikii.

Mama yangu hakuwa mtu wa mjini. Alishuka Moshi akiwa ameitwa na padri au na maradhi, basi. Lakini asubuhi iliyofuata alikwenda mpakani mwa kihamba, akakata kichwa cha isale, akakifunga fundo jani moja, akajitanda kanga akaondoka bila kuaga.

Asiye wa kwetu lazima nimweleze. Isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaotenganisha shamba na shamba. Tunaupanda mipakani na makaburini. Lakini kazi yake kubwa ni kuomba. Mtu akikujia na isale mkononi, hata kama ndiye aliyekuulia ndugu, huna ruhusa ya kumfukuza. Hulipokei kwa mkono mmoja, hulitupi, na ombi lililokuja nalo hulikatai. Nimeona watu walioapa kutosemezana hadi kufa wakakaa chini kwa ajili ya jani hilo.

Mimi nilikuwa nimeshateremka sokoni na mwenzangu. Belo la mwisho wa mwaka lilikuwa linatungoja. Ameinua koti la mtoto, anawachekesha wateja, mara kicheko kikakatika. Nikageuka. Mama amesimama mbele ya meza, vumbi hadi magotini, isale mkononi. Wapare na Waarusha waliokuwa wanachagua nguo waliendelea kuchagua. Wachagga wote wa safu ile walinyamaza. Muuza nyanya wa jirani aliinuka kwenye kiti chake.

"Shikamoo mama," mwenzangu akasema.

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukuomba."

"Mama, ungeniita. Ningepanda mwenyewe."

"Ungepanda ungekuja na maneno. Nenda hospitali ukapimwe damu. Ndilo ombi langu."

Alijaribu kucheka. "Mama, mimi unaniona. Nina ugonjwa gani?"

"Sijasema unao. Nimekuja na jani."

Niliona mikono yake. Mikubwa ile, ilikaa juu ya nguo muda, halafu ikanyooka, yote miwili. Akalipokea. Mama akasema "Aika," asante, akaomba maji ya kunywa, akanywa, akarudi mlimani.

Mwenzangu akaliweka isale kwenye chupa ya maji pembeni mwa meza. Siku ile hakufungua belo tena. Jioni akaniambia, "Na wewe twende. Unayejisifu kila siku, ukaone."

"Mimi niogope nini?"

"Basi twende."

Tukaenda. Kwenye benchi la hospitali watu hawatazamani. Mimi niliwasalimu wote kwa sauti, maana sijazoea kukaa kama mwizi. Tukatolewa damu, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili. Mbege ya posa ilichacha, mama akaimwaga kwenye migomba. Mdogo wangu akaendelea na watoto wake parokiani. Hakuniuliza kitu, lakini kila nilipopanda nyumbani alinitazama usoni kwanza.

Siku ya majibu mimi niliingia kwanza, nikatoka salama, na sikushangaa. Kisha akaingia yeye. Alikaa kidogo tu. Alipotoka akavuta suruali juu, akasema, "Tukanywe chai."

Katika mgahawa aliagiza chapati, akaagiza tena. Alikula zote. Nikashindwa kuvumilia. "Wamesemaje?"

Akafuta mdomo. "Wamesema mzani wao hauna ndoano."

Nikacheka, kwa mazoea. Yeye hakucheka, na hapo nikajua. Sikumbuki tulilipaje wala tuliondokaje. Nakumbuka alishika bega langu tulipokuwa tunavuka barabara, kama anavusha mtoto, yeye ananivusha mimi.

Jumapili alipanda kwetu na ile chupa. Isale lilikuwa limeota mizizi myeupe, inazunguka ndani ya kioo. Alimkabidhi mama kwa mikono miwili. "Mama, nimeliheshimu jani lako. Nimelirudisha." Mama alitazama mizizi, akamtazama yeye, akaiweka chupa chini, akamkumbatia. Kwetu mama mtu mzima hakumbatii kijana wa watu hivyo mchana. Mdogo wangu alikuwa mlangoni. Yeye na mwenzangu walikwenda wakakaa juu ya jiwe la kuanikia kahawa, wakazungumza hadi jua likageuka. Walichozungumza ni chao. Nilichoona ni kwamba mwenzangu alipoondoka mdogo wangu alimsindikiza hadi korongoni, na kilio chake hakukificha.

Jani lile mama alilipanda siku hiyohiyo, karibu na lango.

Mwaka ukazunguka. Mwenzangu bado mnene, bado anafungua belo, ila alikuwa haendi tena safari za mbali. Krismasi ikafika na watu wakateremka ghalani. Nilidhani hatakuja. Alikuja, amevaa koti zuri la belo, akapanga foleni. Akakaa kwenye gunia, mshale ukaenda uzito uleule. Karani akapaza sauti, watu wakashangilia. Yeye hakushuka. Alibaki ananing'inia pale, miguu hewani, akawangoja wanyamaze.

"Kilo mmeziona," akasema. "Na mimi ninao. Ukimwi. Nimepimwa hospitali, nimeambiwa. Msimwoze binti kwa huu mzani."

Ghala lilinyamaza. Nikasema moyoni, leo wamesikia. Halafu nyuma kabisa mtu akasema, "Huyu ameshaanza kunywa kabla yetu." Kikatoka kicheko kimoja, kikafuata cha pili, ghala zima likalipuka. Walimshusha kwa kumpigapiga mgongo. "Ugonjwa wa kilo mia," walisema, "na sisi utuambukize." Wakampa kidari chake. Baba mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya mzani, anautazama uso wake wa saa, na midomo yake inacheza kidogo.

Kata ya kwanza ikaja. Mwenzangu akaishika, akawa anaitazama tu. Nafikiri aliona kwamba kama wangemwamini, wangeona kinyaa kunywa baada yake. Akanywa. Akamaliza funda lake, akashika kata hewani bila kujua ampe nani.

Mdogo wangu aliingia. Wanawake walikuwa hawaingii ghalani siku ile, wanachungulia tu. Alipita katikati ya wanaume, akaichukua kata mikononi mwake, akaweka mdomo palepale alipoweka yeye, akanywa. Kisha akampa baba mdogo. Mzee alitazama kata, akamtazama yule binti aliyemwoshea mwanawe, akanywa naye. Kata ikaendelea kuzunguka, watu wakicheka na kupokezana, na mimi zamu yangu ilipofika nikanywa.

Nimewahi kufikiri sana juu ya siku ile. Tulikuwa wajinga, hilo nakubali kwa niaba ya kijiji. Lakini ujinga wetu ulimpa Krismasi moja tamu, watu wamembeba mabegani, hakuna aliyemkwepa. Baadaye, watu walipoanza kuamini, niliwaona wakiwatengea wagonjwa sahani zao. Basi sijui. Kicheko kile cha ghalani sijakisikia tena mahali pengine, na nimetembea.

Alipoanza kukonda, hakuna aliyesema amerogwa. Tulimzika kihambani kwao, chini ya migomba, na Krismasi iliyofuata karani hakufungua ghala. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemuuliza pia.

Kahawa nayo ikashuka bei, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, watu wakang'oa miti wakapanda mahindi na nyanya. Chama kilipouza vitu vya ghala, mzani nikaununua mimi. Wengine walikuja kujaribu kuongeza bei, nikaongeza mpaka wakakaa chini.

Mdogo wangu aliolewa na mkulima wa mpunga wa Chekereni. Walikwenda hospitali wote wawili kwanza, asubuhi, wakarudi wakala chakula cha mchana kwa mama. Ng'ombe wa baka jeupe alikuwa ameshazeeka, lakini nilimchinja huyohuyo. Kila Desemba wanapita dukani kwangu na mchele kabla hatujapanda mlimani. Wanawe husimama chini ya mzani wanaomba niwapime. Mama yao husema, "Anko wenu hana kamba."

Na ni kweli, kamba sijawahi kuifunga.

Tukifika nyumbani, isale la langoni sasa limepita bati. Mdogo wangu hukata kichwa kimoja, hulifunga jani fundo, na tunavuka korongo na kata ya mbege. Huliweka pale penye kaburi la mwenzangu. Hunywa yeye kwanza, humwaga kidogo chini, kisha hunipa mimi.